Daftari la Pedi

Jumatatu, 8 Septemba

Wasichana wamerudi. Sitini na wanne, wote wa kidato cha mwisho, wote katika bweni langu. Vitanda vimetosha, magodoro mawili yameoza. Mvua haijanyesha tangu Mei na tangi limebaki na maji ya kufika goti.

Mkuu wa shule, mama wa makamo, aliniita kabla sijamaliza kugawa vitanda. "Matroni, lile daftari la pedi. Kila Ijumaa saa nne, mezani kwangu, kama muhula uliopita."

Niandike lilivyoanza, kwa sababu nililianzisha mimi. Januari pedi za bweni zilikuwa zikiisha kabla ya mwezi kwisha. Nikapiga mistari: jina, tarehe, sahihi. Anayechukua pakiti anasaini. Nilitaka kujua stoo imebaki na nini, basi. Mwishoni mwa Mei msichana mmoja akapelekwa kwao na mimba ya miezi sita, na hakuna aliyekuwa amegundua, mimi wa kwanza. Mkuu akaliomba daftari, akaona kwamba yule msichana hakuwa amesaini hata mara moja. Tangu siku hiyo daftari si la stoo tena. Anayepitisha wiki sita bila kusaini anazungushiwa kalamu nyekundu. Wino ukikaa bila sahihi mpya, mzazi anaitwa, na msichana anaondoka.

Sikupinga. Naandika hilo pia.

Alhamisi, 11 Septemba

Maji ni ndoo moja kwa wasichana wawili. Hakuna jingine.

Ijumaa, 12 Septemba

Saa nne kamili. Mkuu alipitisha rula chini ya kila jina. Rula ikasimama.

"Huyu?"

Ni msichana ambaye bweni zima linamwita Njiti kwa wembamba wake. Wa kwanza kwa hesabu tangu aingie shule hii.

"Tarehe tatu Juni, halafu kimya," Mkuu akasema.

"Siku mia na moja. Lakini Agosti walikuwa makwao, Mkuu. Huko hawasaini kwangu."

"Na Julai?"

Julai tulilisoma daftari haraka kwa ajili ya mitihani ya muhula, na jina hili lilitupita sote wawili. Kalamu ikazunguka jina.

"Nampa mpaka tarehe kumi Oktoba. Asiposaini, namwita mlezi wake aje na gari la kubebea sanduku. Mtihani unaanza tarehe tatu Novemba. Sitaki aibu iingie chumba cha mtihani ikiwa imevaa sare yangu."

Shule hii hairudishi aliyeondoka. Njiti akitoka kabla ya mtihani, miaka yake minne imekwenda na maji.

Jumapili, 14 Septemba

Saa kumi na mbili asubuhi Njiti alikuwa uwanjani peke yake. Nilisimama dirishani na kikombe cha chai nikahesabu. Alizunguka mara kumi na nane bila kupumzika. Alipomaliza aliinama, mikono magotini, na uti wa mgongo ukaonekana juu ya fulana kama meno ya kitana.

Ijumaa, 19 Septemba

Daftari safi. Waliopaswa kusaini wamesaini, isipokuwa Njiti. Kiranja wa bweni alisaini wa kwanza, tarehe tisa, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala. Mkuu aliligonga daftari kwa kidole. "Unaona, Matroni? Nidhamu. Wakijua wanatazamwa, hata miili inanyooka."

Nilikubali kwa kichwa. Wakati ule lilionekana neno la maana.

Jumanne, 23 Septemba

Nilikwenda jikoni kuomba maji ya moto. Mpishi wetu anaitwa Mama Mwiko hata na watoto wake mwenyewe. Tunajuana tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote.

"Tumbo?" akaniuliza.

"Lingekuwa tumbo ningefurahi. Leo siku ya arobaini na tisa."

Akaacha kukoroga. "Mume alikuja lini?"

"Agosti. Alikuwa likizo."

"Haya! Tutalea. Mtoto atakuita bibi, na utaitika." Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Mvua imechelewa, wewe umechelewa. Tuwapeleke kwa mganga mmoja mpate bei ya jumla."

Nina miaka arobaini na sita. Nilicheka naye. Nilipotoka nilihesabu tena kwa vidole, nikapata arobaini na tisa ile ile. Hakuna aliyenizungushia kalamu. Nimelala mchana mara mbili wiki hii na kumgombeza mfuaji bila sababu, na hakuna aliyeandika mahali.

Ijumaa, 26 Septemba

Njiti hajasaini. Mkuu aliuvuta ukurasa karibu. Alipitisha kalamu juu ya wino wa zamani, ukakoza.

Jumatatu, 29 Septemba

Nilimwita Njiti chumba cha kupigia pasi, ambako mlango unafungika. Alikaa kwenye ukingo wa benchi.

"Una mimba?"

"Hapana, matroni."

"Umewahi kulala na mwanamume?"

"Hapana." Hakutazama chini. Kwa miaka kumi na tisa nimeuliza swali hili mara nyingi, na najua kwamba anayetazama chini si lazima awe mwongo, na anayekutazama si lazima awe mkweli. Kwa hiyo niliendelea kuuliza.

"Siku zako zilikoma lini?"

"Juni. Nilidhani zitarudi. Mara moja moja tumbo linavuta kidogo, halafu hakuna kitu."

"Mbona hukuja kuniambia?"

"Nije kukuambia nini, matroni? Daftari si liko kwako?"

Lilinichoma, lakini lilikuwa haki yake. Akakunja upindo wa sketi, akaukunjua.

"Ningeweza kusaini tu. Wenzangu wanasaini."

"Wenzako gani?"

Akatikisa kichwa. Nilingoja. Njiti anajua kungoja kuliko mimi.

"Na wewe kwa nini hukusaini?"

"Pakiti zenyewe hazitoshi. Nichukue nisiyoitumia, halafu kuna mwenzangu atakuja kwako na atakuta hamna. Nitalalaje?"

Jumatano, 1 Oktoba

Mama Mwiko alinifuata kwenye kamba za nguo, aproni bado kiunoni.

"Kile kijiti chako. Sahani yake ya jioni hairudi chafu."

"Tangu lini?"

"Mimi nahesabu sahani sitini na nne. Zinachafuka sitini na tatu. Tangu muhula wa kwanza kuna moja isiyochafuka. Nilidhani kuna mgonjwa."

Tulimpeleka stoo tukamsimamisha kwenye mizani ya magunia. Fomu yake ya Januari inasema kilo hamsini na mbili. Mizani ilisema arobaini na tatu. Mama Mwiko hakuamini, akapanda yeye kuijaribu, akashuka haraka. "Mizani ni nzima. Msiniulize imesema nini."

Njiti alieleza bila kulalamika. Bweni lina kelele. Maktaba inafungwa saa kumi na moja. Saa ya chakula cha jioni ndiyo saa pekee ambayo darasa liko tupu, kwa hiyo huitumia kwa hesabu. Asubuhi hukimbia ili kichwa kifunguke. Mchana hula nusu, kwa sababu akishiba anasinzia kipindi cha fizikia.

"Na njaa?" Mama Mwiko akauliza.

"Njaa ilikwisha Machi."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mama Mwiko hakuwa na mzaha.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nilimweleza Mkuu habari za mizani na sahani.

"Wembamba? Matroni, wenye mimba changa ndio wanaokonda. Hawali, wanatapika. Unanipa ushahidi wangu mwenyewe."

"Basi apimwe. Kipimo ni dakika tano."

"Shule ikianza kupeleka wasichana kupimwa mimba, mjini watasema nini? Kwamba kuna sababu ya kuwapima." Akavuta droo na kutoa bahasha iliyokwisha kufungwa. "Barua ya mjomba wake inakwenda leo. Anakuja Ijumaa ijayo saa nne."

Usingizi wangu wa mchana umeisha. Sasa sisinzii kabisa.

Jumatatu, 6 Oktoba

Matroni anaruhusiwa kumpeleka mgonjwa zahanati bila kibali, ila aandike sababu. Niliandika: "Amepungua kilo tisa." Ni kweli, na ni ugonjwa.

Njiti alitembea mbele yangu njia nzima. Kabla ya kuingia nikamwambia anaweza kukataa, na kwamba majibu ni yake, hayatoki kwa mtu asipotaka. Akasema anataka, na anataka yaandikwe.

Tabibu wa zahanati ni mwanamke mfupi anayezungumza huku akiandika. Alianza na mkojo. Alisema hivyo ndivyo inavyoanza kwa mwanamke yeyote ambaye siku zake zimesimama, awe ameolewa, awe mtawa, awe mke wa waziri. Ukishalijua hilo ndipo unatafuta mengine. Kipimo kilitoka na mstari mmoja. Hakuna mimba. Njiti aliutazama mstari ule kama anayekagua jibu analolijua.

Kisha maswali. Ulivunja ungo ukiwa na miaka mingapi? Kumi na tatu. Siku zako zilikuwa zinakuja kila baada ya muda gani? Thelathini, thelathini na tano, mara moja arobaini. Unaumwa kichwa, macho yanaona ukungu? Matiti yanatoa maji? Nywele zinaota kidevuni? Unatumia dawa yoyote, sindano yoyote? Alimshika shingo akamwambia ameze mate, akitafuta tezi iliyovimba. Akavuta damu. Akauliza habari za chakula, mbio, usingizi na mtihani, na hapo akaacha kuandika.

"Sikiliza, binti. Mwili una bajeti. Ukiupa chakula kidogo na mbio nyingi, unakata matumizi. Haukati moyo, haukati mapafu. Unakata kile ambacho unaweza kuishi bila hicho kwa muda. Ubongo unaacha kutuma ujumbe kwenye mayai, mayai hayapevuki, damu haiji. Si kwamba imeziba mahali. Haijatengenezwa."

"Nitashindwa kuzaa?"

"Ukila na kupumzika, mara nyingi hurudi. Lakini usiache hivi hivi kwa kuwa inakupunguzia kufua. Mifupa nayo inadhoofika wakati huo. Na wasiwasi peke yake unaweza kuchelewesha mwezi mmoja, miwili. Wewe umeuongeza juu ya njaa."

Nilimuuliza lipi la kawaida kwa wasichana. Akasema kwa umri wao siku ishirini na moja mpaka arobaini na tano si kioja, hasa miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo. Safari, homa, kuhama shule, vyote vinaweza kusogeza tarehe. Ila ikipita miezi mitatu bila kitu, mtu aje. "Saa ya ukutani ndiyo inayorudi pale pale kila siku," akasema. "Wasichana si saa."

Njiti alipotoka kwenda kungoja kwenye benchi, nikafunga mlango nikamwambia ya kwangu. Siku sitini na mbili.

"Miaka?"

"Arobaini na sita."

"Joto la ghafla? Hasira? Usingizi haueleweki?"

"Vyote."

"Huenda mwili umeanza kufunga duka. Haufungi siku moja; unafungua, unafunga, unafungua tena kwa miaka kadhaa. Lakini duka ambalo halijafungwa kabisa bado linauza, Matroni. Pima."

Duka la dawa lilikuwa linauza vipimo viwili katika pakiti moja. Changu kilitoka mstari mmoja. Nilikaa chooni dakika chache zaidi ya zilizohitajika. Cha pili nimekiweka kwenye droo ya meza ya bwenini, mbele ya Kiranja aliyekuwa amekuja kuchukua sabuni ya bweni.

Jumanne, 7 Oktoba

Pakiti kumi na moja zimesainiwa leo.

Maneno ya tabibu kuhusu saa hayakuniacha. Nilifungua daftari kuanzia Januari na karatasi pembeni. Januari mpaka Mei tarehe zimetawanyika kama punje zilizomwagika. Msichana mmoja siku ishirini na tatu, kisha arobaini na moja. Mwingine anaruka mwezi mzima. Wawili hawaonekani Machi yote, mwezi wa mitihani ya majaribio.

Juni, Mkuu alipoanza kusoma, kila kitu kikanyooka. Ishirini na nane, ishirini na nane, ishirini na tisa. Wasichana sitini na watatu wenye miili ya askari wa gwaride. Mmoja tu ndiye aliyeharibu mstari.

Nimekagua daftari hili kila wiki, nikalisifu kwa usafi. Usafi wenyewe ulikuwa uongo, na mimi ndiye niliyewashikia kalamu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ukaguzi wa masanduku hufanywa mara moja kwa mwezi, kutafuta simu na vyakula. Leo sikutafuta simu. Chini ya nguo nilikuta pakiti za pedi ambazo hazijafunguliwa, na muhuri wangu wa stoo juu yake. Thelathini na moja, kutoka masanduku kumi na saba. Wengine nne, wengine moja. Kwa Kiranja mbili.

Sikugomba. Niliomba kila mmoja aniazime zake mpaka kesho. Walinipa bila sauti. Mmoja tu, mwenye pakiti nne, alininong'oneza: "Matroni, mimi zinakuja, ila zinachelewa. Niliogopa kuchelewa."

Ijumaa, 10 Oktoba

Mjomba wa Njiti alifika saa tatu na nusu. Ni fundi bomba. Alikuja na mkoba wa kazi kwa sababu alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, na aliuweka chini polepole ili spana zisilie. Hakuleta gari.

Mkuu alikuwa na daftari, barua na kalamu nyekundu. Njiti alisimama kando ya kabati. Mimi nilikuwa na kikapu kilichofunikwa taulo.

"Mzee, sitazunguka," Mkuu akasema. "Binti yako hajaingia mwezini tangu Juni. Shule ina utaratibu wake. Unaweza kumchukua leo bila maneno mengi."

Mjomba akamgeukia Njiti. "Ni kweli, mama?"

"Ni kweli sijaona siku zangu, mjomba. Si kweli lile jingine."

Nikaweka karatasi ya tabibu mezani, kwa ruhusa ya Njiti. Majibu ya damu yalikuja jana. Tezi haina shida. Mkuu alisoma mpaka chini, akaigeuza kama anayetafuta upande wa pili.

"Karatasi inaandikwa na mtu," akasema. "Daftari ni sahihi zao wenyewe."

Mjomba alikohoa. "Mwalimu, mimi shule yangu ndogo. Kazi yangu mabomba. Nikiitwa kwenye nyumba ambayo maji hayatoki, sianzi kwa kuuliza nani kayaiba. Naangalia tangi kwanza. Huyu mtoto," na akamwonyesha kwa mkono mzima, "Januari nilimwacha hapa hajawa hivi. Agosti hata mimi nilidhani ni masomo tu. Nanyi tangi hamkuliona?"

Nilifunua kikapu, nikapanga pakiti mezani katika safu, juu ya barua, juu ya kalamu. Zilijaza meza.

"Hizi zimesainiwa, Mkuu. Zote. Hakuna hata moja iliyofunguliwa. Daftari linakwambia nani anaogopa. Halikwambii jingine."

"Za nani?"

"Za wasichana kumi na saba."

"Nimeuliza za nani, Matroni."

"Nimesikia, Mkuu."

Spana moja ilijigeuza ndani ya mkoba. Mkuu alikunja mikono. Akasema binti atabaki kwa sasa, kwa dhamana ya mjomba na ya tabibu. Kisha akaniangalia. "Wewe, Jumatatu saa nne. Majina kumi na saba, au funguo za bweni."

Nje, mjomba alimpa Njiti mkate aliokuwa ameubeba ndani ya mkoba, katikati ya spana. Aliula wote amesimama.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mvua imenyesha kwa muda wa saa moja. Tangi limefika nusu. Mama Mwiko anasema amebaki mchelewaji mmoja, ananitazama.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya chakula cha mchana Kiranja alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango mwenyewe. Ana miaka kumi na tisa, alianza shule akiwa mkubwa. Ni msichana wa kunyoosha wenzake kola.

"Matroni, kile kipimo kilichobaki. Bado kiko kwenye droo?"

Nilimpa. Sikumfuata. Alirudi nacho kimefungwa ndani ya kitambaa, akakiweka mezani, akakifunua. Mistari miwili.

Mwezi mzima Mkuu alikuwa amezungushia jina lisilo lenyewe, na lenye mimba lilisainiwa la kwanza kila mara, kwa mwandiko mzuri wa kulala.

"Tangu likizo," akasema. "Ni mchumba wangu, nyumbani wanamjua. Nilisaini Septemba na juzi Jumanne. Njiti alipozungushiwa nilijua anasulubiwa kwa ajili yangu, nikanyamaza. Niseme kesho kwa Mkuu?"

"Wewe unataka nini?"

"Nataka kufanya mtihani." Hapo akalia, kidogo, kwa kujifuta haraka.

Nilimwambia mambo mawili: ataonana na tabibu wiki hii, na mama yake ataambiwa naye mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa kando. La tatu ni langu. Sikulisema.

Mpaka jana nilidhani nalinda wasichana kumi na saba waoga. Majina yale yakitoka, kumi na sita watalia wiki moja. Wa kumi na saba atapoteza kila kitu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Saa nne. Niliweka funguo za bweni upande wa kulia wa meza na daftari upande wa kushoto.

"Majina?" Mkuu akauliza.

"Nikikupa majina, Mkuu, itabidi ufuate utaratibu wako. Asiyesaini anaondoka. Aliyesaini bila kuhitaji ana kosa zaidi, kwa sababu amedanganya juu yake. Barua kumi na saba. Walezi kumi na saba kwenye veranda yako, na kila mmoja ataomba kipimo ambacho hutaki kitumike."

"Unanitisha?"

"Nahesabu. Kumi na saba kati ya watahiniwa sitini na wanne. Zaidi ya robo. Zimebaki wiki tatu."

Nilijua anapitisha rula kichwani.

"Wamo wa kundi la juu la hesabu?"

"Wamo."

"Kiranja?"

Nimefanya kazi na mama huyu miaka sita na sijawahi kumdanganya. Nilisogeza daftari mbele yake, wazi kwenye ukurasa wa mwisho, ambapo asubuhi nilikuwa nimeandika mstari mmoja. Matroni. Tarehe tano Agosti. Kimya.

Alisoma. Akanitazama, kwa mara ya kwanza chini ya shingo.

"Na wewe?"

"Siku sitini na tisa. Kama ni utaratibu, uanze na mimi. Nimepita wiki sita."

Saa ya ukutani ilikuwa inafanya kazi yake. Sitadai kwamba moyo wake ulilainika. Sikuuona moyo wake. Niliuona mkono. Ulichukua kalamu nyekundu, ukaifunga kifuniko, ukaitia kwenye kopo.

"Watahiniwa sitini na wanne wamesajiliwa," akasema. "Nataka sitini na wanne waingie. Daftari hilo lipeleke unakojua. Na chukua funguo zako, usiniwekee vyuma mezani."

Nilipofika mlangoni akaniita. "Matroni. Lile joto la ghafla la umri wetu. Wewe hutumia nini?"

"Dirisha, Mkuu."

Akaguna. Labda kilikuwa kicheko.

Jumanne, 14 Oktoba

Daftari limekwenda kuwashia jiko. Mama Mwiko alisema karatasi zake zinashika moto vizuri.

Sanduku la mbao limewekwa bafuni, halina kufuli. Anayehitaji anachukua. Pakiti thelathini na moja zimerudi humo.

Chumba cha kupigia pasi kitakuwa wazi baada ya chakula cha jioni kwa anayetaka kusoma kimya. Sharti: Mama Mwiko aone sahani chafu kwanza. Zimechafuka sitini na nne.

Jumapili, 19 Oktoba

Siku ya wageni. Mama wa Kiranja alikaa na bintiye nyuma ya bweni kwa muda wa saa mbili. Alipita kwangu macho yamevimba. "Umenificha mwanangu kwa Mkuu," akasema.

"Ndiyo, mama. Mpaka mtihani uishe."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaondoka.

Jumatatu, 3 Novemba

Mtihani umeanza. Niliwahesabu wakiingia. Sitini na wanne.

Alhamisi, 6 Novemba

Sanduku lilikuwa tupu saa nne asubuhi. Nililijaza. Saa kumi lilikuwa nusu. Kwa wasiwasi wa mtihani nilitarajia wiki hii zichukuliwe chache.

Jumatano, 19 Novemba

Nimeamka na damu, siku ya mia na sita. Duka limefunguliwa. Mama Mwiko amedai tusherehekee kwa chai yenye sukari ya kutosha.

Ijumaa, 21 Novemba

Karatasi ya mwisho ilikuwa fizikia. Saa saba wametoka, wakarusha kalamu juu kama kawaida na kama kawaida wakazitafuta.

Njiti alipanda kwenye mizani ya magunia bila kuambiwa. Kilo arobaini na saba. Siku zake hazijarudi. Tabibu amesema inaweza kuchukua miezi, na amempangia arudi Januari. Mjomba ameiandika tarehe hiyo ndani ya kifuniko cha mkoba wake.

Barua kwa Mkuu kuhusu Kiranja imekwisha kuandikwa. Nimeeleza nilichojua na siku niliyokijua, na kwamba nilinyamaza kwa hiari yangu. Ataipata Jumatatu, wasichana wakiwa makwao. Funguo nimeziweka juu ya bahasha.

Mchana niliangalia sanduku la bafuni kwa mara ya mwisho muhula huu. Jana nilitia pakiti ishirini. Zimebaki sita. Kumi na nne zimechukuliwa, na sijui na nani.